Kiazi cha Busasamana na ugomvi wa wachumi: Je, uchumi ni sayansi?

KIAZI kinachong'olewa Busasamana, katika udongo mweusi wa volkano kaskazini mwa Wilaya ya Rubavu, hakina safari ndefu kufika Kongo. Tarafa hiyo imepakana na Kongo yenyewe. Mzigo unaweza kuteremshwa hadi Gisenyi mjini, ukavushwa Petite Barrière kichwani, mgongoni au kwenye baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu, na muda si mrefu ukawa unauzwa Birere, upande wa Goma. Hata hivyo kilo ile ile, ya shamba lile lile, ina bei mbili: moja huku, nyingine kule.

Muulize mchuuzi sababu yake, naye atakuhesabia vidoleni: nauli, mbebaji, ushuru, faranga inavyopanda na kushuka mbele ya dola, mpaka kufungwa mapema, na kile "kitu kidogo" ambacho hakina risiti. Waulize wachumi wawili, kila mmoja atakuja na sababu yake, na huenda kila mmoja akamwona mwenzake amepotoka kabisa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wasomi wamelibishania kwa zaidi ya karne moja: uchumi ni sayansi, au ni maoni ya watu waliovaa tai? Kwa mtu wa mpakani swali hili si la darasani. Saa za kufungua mpaka, bei elekezi, kodi ya beseni la nyanya na hata mafunzo anayoitiwa mchuuzi, vyote vimetoka katika nadharia ya mtu fulani. Ikiwa nadharia hiyo imepimwa, ni jambo moja. Ikiwa haijapimwa, basi mchuuzi ndiye anayefanyiwa majaribio bila kujua.

Volkano na soko

Wanaosema uchumi si sayansi huwa na hoja moja kubwa: wachumi hawajui kutabiri. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yalitikisika na dunia nzima ikaumia. Novemba mwaka huo Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotembelea chuo cha London School of Economics, aliwauliza wasomi wa pale kwa nini hakuna aliyeiona hatari ile ikija. Swali lilikuwa fupi, lakini liliwachoma.

Mkazi wa Rubavu anaweza kulijibu kwa mfano wa nyumbani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Mlima Nyiragongo ulilipuka. Goma kuna kituo maalumu cha kuchunguza volkano, chenye wataalamu na mitambo, lakini mlipuko ule ulikuja bila onyo la kutosha. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua nyumba hadi Gisenyi. Baada ya hapo hakuna aliyesema kwamba elimu ya volkano ni uganga. Wataalamu walirudi kwenye vipimo vyao, wakatafuta dalili walizozikosa. Kushindwa kutabiri hakuiondoi elimu katika sayansi. Kinachoiondoa ni kukataa kupimwa.

Lakini ipo tofauti kati ya mlima na soko, nayo ni kubwa. Nyiragongo hausikilizi redio. Mtaalamu akitangaza kwamba utalipuka kesho, tangazo lake haliongezi moto wala haliupunguzi. Soko linasikiliza. Mtaalamu akitangaza kwamba viazi vitapanda bei wiki ijayo, mwenye gunia atalificha leo, mwenye fedha atanunua mawili badala ya moja, na bei itapanda kabla ya wiki kwisha. Huenda utabiri umetimia kwa sababu tu umetamkwa. Mchumi anapima watu, na watu hubadilika wakijua wanapimwa. Ndiyo maana kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ndiyo maana anapaswa kuwa mnyenyekevu kuliko kawaida yake.

Mikondo minne, kiazi kimoja

Ugumu wa pili ni kwamba wachumi wamegawanyika. Tuzo ya uchumi inayotolewa kwa kumbukumbu ya Alfred Nobel, iliyoanzishwa na Benki Kuu ya Sweden mwaka 1968, imeuweka mgawanyiko huo hadharani. Mwaka 1974 walipewa kwa pamoja Friedrich Hayek, mtetezi mkubwa wa soko huria, na Gunnar Myrdal, aliyeamini kwamba serikali lazima ipange. Mwaka 2013 walikuwa miongoni mwa washindi Eugene Fama, anayefundisha kwamba bei katika masoko ya hisa hubeba habari zote zilizopo, na Robert Shiller, aliyeonyesha jinsi bei hizo zinavyopaa na kuanguka kwa mihemko ya watu. Ni vigumu kufikiria tuzo ya fizikia ikitolewa siku moja kwa anayesema jiwe linaanguka chini na anayesema linapaa.

Mgawanyiko huo unaeleweka vizuri kwa mfano. Aprili 2023, vyakula vilipopanda bei kupita kiasi, Serikali ya Rwanda iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye mchele na unga wa mahindi, na ikaweka bei za juu ambazo muuzaji hakutakiwa kuzivuka. Unga wa mahindi, kwa mfano, ulipangiwa faranga 800 kwa kilo. Viazi navyo vilipangiwa bei.

Mkondo wa kwanza, wa soko huria, unaoanzia kwa Adam Smith mwaka 1776 na kupitia kwa Hayek na Milton Friedman, unasema bei ni ujumbe. Bei ya juu inamwambia mkulima apande zaidi na mlaji apunguze. Ukiufunga mdomo ujumbe huo, bidhaa itajificha au itavuka mpaka kwenda kunakolipa.

Mkondo wa pili ni wa John Maynard Keynes, Mwingereza aliyeandika kitabu chake kikuu mwaka 1936, wakati dunia imejaa watu wasio na kazi. Yeye anatazama mfuko wa mnunuzi. Viazi vinaweza kuwepo na njaa ikawepo, kwa sababu fedha haizunguki. Waliofanya biashara na Goma mwaka 2025 hawahitaji kitabu kulielewa hilo: baada ya mji huo kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, benki zilifungwa na noti zikawa adimu.

Mkondo wa tatu, wa Karl Marx na waliomfuata, wakiwemo Samir Amin wa Misri na Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unauliza swali jingine: faida inabaki kwa nani? Katika kila faranga ambayo mlaji wa mjini anatoa, aliyepiga jembe anapata ngapi, dalali ngapi, mwenye lori ngapi?

Mkondo wa nne unatazama taasisi, yaani kanuni za mchezo na wanaozisimamia. Humo wamo Douglass North na Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo ya uchumi, mwaka 2009. Hao huuliza: bei ikishapangwa, nani atakagua? Mkaguzi analipwa na nani, naye anamwogopa nani?

Ukiyasikiliza yote manne utaona kwamba hayapingani kila mahali. Mara nyingi yanauliza maswali tofauti juu ya gunia lile lile. Hatari inaanza pale mkondo mmoja unapodai kwamba swali lake ndilo pekee, au unapotoa dai ukakataa lipimwe. Dai kwamba bei ikifungwa bidhaa itakimbilia ng'ambo linaweza kupimwa: hesabu magunia yanayovuka kabla ya amri, kisha uyahesabu baada yake.

Nadharia ilipofunga mpaka

Afrika Mashariki inajua gharama ya nadharia zisizokaa meza moja. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwemo uhasama kati ya Tanzania na utawala wa Idi Amin nchini Uganda na malalamiko juu ya mgawanyo wa faida. Lakini chini yake kulikuwa na mikondo miwili ya uchumi inayovutana. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa imetaifisha mabenki na viwanda vikubwa. Kenya ilikuwa imeacha mlango wazi kwa mitaji binafsi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983.

Wachuuzi wa Namanga na Taveta hawakuulizwa wanamfuata Marx au Smith. Walikuta njia imefungwa.

Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1999, imejengwa kwa kutumia mkondo uliotawala dunia wakati huo: punguza ushuru, fungua njia, watu watatajirika. Rwanda ilijiunga mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Hilo nalo ni dai, na kama madai mengine linastahili kupimwa mpakani, si kushangiliwa mikutanoni tu.

Mpaka kama maabara

Mwanafizikia ana maabara. Mchumi hawezi kuchukua nchi mbili zinazofanana, akaipa moja kodi mpya na nyingine akaiacha. Lakini mipaka hufanya kazi hiyo mara nyingine bila kuombwa.

Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jimbo la jirani, Pennsylvania, halikubadilisha kitu. Wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka. Nadharia iliyozoeleka ilisema mishahara ikipanda, vijana watafukuzwa kazi. Wao hawakuona hivyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalizua ubishi, wengine wakarudia hesabu kwa takwimu nyingine na kupata jibu tofauti, na mjadala haujafungwa. Lakini tangu hapo haikutosha tena mtu kusema "nadharia inasema". Alitakiwa aonyeshe. Card alipata tuzo mwaka 2021.

Njia ya pili ilikomaa karibu zaidi na hapa, Busia, magharibi mwa Kenya, kando ya mpaka wa Uganda. Kuanzia mwaka 1998 Michael Kremer na wenzake walifuatilia shule za msingi 75 ambazo zilipewa dawa za minyoo kwa awamu. Shule zilizotangulia zililinganishwa na zilizosubiri. Waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, kwa gharama ndogo sana. Mwaka 2015 watafiti wengine waliipitia upya kazi hiyo kwa kutumia takwimu zile zile, wakakuta makosa kadhaa ya hesabu, na ubishi mkali ukazuka kuhusu ni sehemu gani ya matokeo iliyobaki imara. Baadhi ya watu waliona ni aibu. Kwa kweli hiyo ndiyo alama ya sayansi: kazi iliwekwa wazi kiasi kwamba mwingine aliweza kuikosoa. Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipata tuzo mwaka 2019.

Jaribio kati ya Kongo na Rwanda

Jaribio linalomgusa zaidi msomaji wa gazeti hili lilifanyika katika mpaka wa Kongo na Rwanda. Waraka wake ulitolewa na Benki ya Dunia mwaka 2020, ukiandikwa na Kevin Croke na wenzake wanne. Swali lao lilikuwa rahisi: mfanyabiashara mdogo akifundishwa taratibu, viwango vya ushuru na haki zake, je, ataacha kutozwa hongo na kunyanyaswa?

Wafanyabiashara waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walialikwa kwenye mafunzo, wengine hawakualikwa. Kwa kuwa bahati ndiyo iliyochagua, tofauti iliyoonekana baadaye haikuweza kuelezwa kwa kusema kundi moja lilikuwa na werevu zaidi au mtaji zaidi.

Matokeo yalionyesha tofauti. Ukichukua walioalikwa wote, waliokwenda na wasiokwenda, sehemu ya waliolipa hongo ilipungua kwa pointi 5 za asilimia, yaani kama watu watano katika kila mia. Kwa wale hasa ambao mwaliko ndio uliowafikisha darasani, upungufu ulikadiriwa kuwa pointi 27.5. Ukatili wa kijinsia nao ulipungua, kwa pointi 5.4 kwa kundi zima la walioalikwa.

Mradi mwingine ungeishia hapo, ukapiga picha ya pamoja na kutangaza kwamba maafisa wamebadilika na kina mama wamepata sauti. Watafiti hawa waliuliza swali moja zaidi: hongo ilipungua kwa njia gani? Walichukua fikra ya Albert Hirschman, mchumi aliyeandika mwaka 1970 kwamba mtu anayetendewa vibaya ana njia mbili kuu: kupaza sauti au kujiondoa. Jibu lilikuwa chungu. Wafanyabiashara hawakuwa wamepaza sauti, na maafisa hawakuwa wamepunguza tamaa. Wafanyabiashara walikuwa wamejifunza kuvuka alfajiri na mapema, katika saa zisizo rasmi, kabla ya wanaowasumbua kukaa mahali pao. Mafunzo yaliyokusudia kuwaingiza kwenye utaratibu rasmi yaliwasaidia kuukwepa.

Watafiti walihitimisha kwamba kinachohitajika ni uongozi bora na kanuni zilizo wazi za biashara ya mpakani, hasa upande wa Kongo.

Namba haisemi peke yake

Hapo ndipo jibu la swali letu linapopatikana. Kipimo kilikuwa cha lazima: bila bahati nasibu na hesabu, kila mtu angebaki na imani yake. Lakini kipimo peke yake kingedanganya. Namba ilisema hongo imepungua. Ni nadharia iliyowafanya watafiti wachungulie nyuma ya namba na kumwona mwanamke anayeamka usiku.

Na namba hiyo hiyo, ikishawekwa mezani, bado kila mkondo utaisoma kwa jicho lake. Wa soko huria ataona kwamba gharama ya kuvuka imeshuka na biashara itakua. Wa taasisi ataona kwamba kanuni haijabadilika hata kidogo, kwa kuwa mwenye mhuri bado ana nguvu zile zile. Mfuasi wa Marx atauliza kwa nini mzigo wa kurekebisha mambo umewekwa juu ya mwenye beseni na si juu ya mwenye kiti. Wa Keynes atakumbusha kwamba hongo ikiisha na mnunuzi wa Goma hana fedha, viazi vitaoza vile vile. Hakuna jaribio litakaloamua kama ni haki mama aamke saa tisa usiku ili asitozwe fedha ambazo hakupaswa kutozwa. Hilo ni swali la watu na viongozi wao, na mchumi anayelijibu kwa jedwali ametoka nje ya sayansi yake.

Angus Deaton, mshindi wa tuzo ya mwaka 2015, ametoa onyo jingine: jaribio linaonyesha kilichotokea pale lilipofanyika. Kilichofaa Busia huenda kisifae Rusizi. Kilichopimwa kabla ya mpaka kufungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020 huenda kisiwe kweli baada ya utawala na saa za mpaka kubadilika. Mchumi hana sheria kama ya jiwe kuanguka, inayofanya kazi kila mahali na kila siku. Ana kanuni za "ikiwa hivi, basi huenda vile", na neno "ikiwa" ndilo linalopaswa kukaguliwa kila mara.

Kwa hiyo uchumi ni sayansi pale unapokubali kupimwa na kukosolewa, na unakuwa mahubiri pale unapokataa. Tofauti hiyo anaweza kuiona mtu yeyote kwenye mkutano wa ushirika, kwa maswali matatu. Mtaalamu akileta amri au mradi mpya, aulizwe: umejuaje? Aulizwe pia: ni matokeo gani yakitokea utakubali kwamba ulikosea? Mwisho aulizwe: kama mambo yatakwenda vizuri, ni nani hasa atakayekuwa amebadilika, sisi au wanaotutoza? Asiyeweza kujibu swali la pili hajaleta sayansi, hata akiwa na shahada tatu.

Wachuuzi nao wana sehemu yao. Hongo ya mpakani ni bandu bandu, na huisha gogo bila mtu kujua limeishaje. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika wa wauza viazi unaoandika kila siku saa ya kuvuka, bei ya Gisenyi, bei ya Goma, ushuru uliolipwa kwa risiti na fedha iliyotoka bila risiti, utakuwa baada ya mwaka mmoja na kitu ambacho maprofesa wengi hawana. Siku saa za mpaka zitakapobadilishwa tena, au bei itakapopangwa tena, hautahitaji kubishana kwa hisia. Utafungua ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada, na kuviweka mbele ya mwenye mhuri.